Maneno Magumu Mlangoni pa Chuo

Wenzetu katika kitabu hiki cha Yubile wameandika habari za makanisa, za visima, na za shule zilizojengwa kwa mikono ya wazee wetu. Sisi tumeona vema kuandika habari za kitu kisichojengwa kwa mawe, nacho kimewazuia vijana wengi mlangoni pa chuo, yaani maneno magumu ya Kiingereza. Walimu wayajua mashaka hayo. Wazazi nao wayajua kwa njia yao, maana huona taa ikiwaka hata usiku wa manane, na kijana ameketi akirudia maneno kwa midomo, neno na maana yake, neno na maana yake, hata usingizi umshinde.

Sisi nasi tulikuwa vijana wa namna hiyo. Tulipokuwa tukijitayarisha kwa mtihani tulishona daftari, tukaandika ndani yake maneno mia tatu, na mbele ya kila neno maana yake kwa ufupi. Kati yake lilikuwamo neno "loquacious," nasi tulikuwa tumeandika mbele yake, "msemaji." Katika mtihani wa majaribio tuliambiwa tuandike barua ya kumshukuru mgeni aliyekuja kutuhutubia. Kwa kuwa katika Kiswahili msemaji ni mtu wa kusifiwa, tuliandika ya kuwa mgeni wetu alikuwa "loquacious," tukidhani tumemheshimu sana. Kumbe neno hilo humtaja mtu apayukaye, asiyejua kunyamaza, neno la sifa tulilolitaka lilikuwa "eloquent." Mwalimu aliisoma barua yetu mbele ya darasa, wenzetu wakacheka, nasi tukainamisha vichwa. Maana tulikuwa tumeikariri barabara, walakini neno lenyewe hatukulijua. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: Desturi hii ya kuwapima vijana kwa maneno ya daftari ilianza wapi, na imeleta faida gani?

Yafaa kwanza tujue sababu ya Kiingereza kuwa na maneno magumu mengi. Lugha hiyo imekusanya maneno kwa zamu. Hapo kale watu wa Uingereza walisema Kisaksoni. Katika mwaka wa 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaishinda nchi, na kwa muda mrefu wakuu walisema Kifaransa na raia wakasema lugha yao ya zamani. Baadaye, hasa katika karne ya 16 na ya 17, wataalamu walichota maneno kwa wingi katika Kilatini na Kiyunani. Kwa hiyo jambo moja laweza kuwa na majina matatu. Kuuliza ni "ask" kwa neno la kale, ni "question" kwa neno lililotoka Ufaransa, na ni "interrogate" kwa neno la Kilatini. Maneno haya matatu hayalingani. La mwisho lafaa kwa askari amhojiye mtu aliyeshikwa, wala halifai kwa mtoto amwulizaye mama yake habari za chakula. Nasi tunayo mambo kama hayo katika lugha yetu: njia na tariki, mtu na insani, kuuliza na kusaili. Mshairi aweza kuchagua tariki, lakini mgeni aliyepotea mjini huuliza njia.

Wala mtu asidhani ya kuwa Waingereza wenyewe walizaliwa wakiyajua maneno yao magumu. Katika mwaka wa 1604 Robert Cawdrey, aliyekuwa mwalimu wa shule na mchungaji, alitoa kitabu ambacho huhesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Ndani yake yalikuwamo maneno kama 2,500, nayo yalikuwa maneno magumu tu, yale mepesi aliyaacha. Alikikusudia kitabu hicho hasa kwa wanawake na kwa watu wengine wasiopata elimu nyingi, wapate kufahamu maneno watakayoyasoma katika Maandiko na kuyasikia katika mahubiri. Twaomba msomaji alishike jambo hili. Orodha hiyo ya kale ilitengenezwa ili kumsaidia mtu kuelewa yale ayasomayo na ayasikiayo. Kumzuia mtu mlangoni kwa orodha ni jambo lililokuja baadaye sana.

Habari tutakazosimulia sasa ni za Marekani, maana huko ndiko desturi ya kupima maneno katika mtihani wa kuingilia chuo ilikokua kuliko kwingine, na matawi yake yamefika hata kwetu. Katika siku za kwanza za chuo cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka wa 1636, kijana hakukubaliwa kama hakuweza kusoma Cicero kwa Kilatini. Kilatini ndicho kilichokuwa ufunguo. Hata mwisho wa karne ya 19 vyuo vilikuwa na mitihani mbalimbali, na walimu wakataabika, kwa kuwa katika darasa moja mtoto huyu alitayarishwa kwa chuo hiki na mwenzake kwa chuo kile. Mwaka wa 1900 ikaundwa Halmashauri ya Mitihani ya Kuingilia Vyuo, na mwezi wa Juni 1901 ikafanya mtihani wake wa kwanza. Watahiniwa walikuwa 973, wakakaa mahali 67 katika Marekani na mahali pawili katika Ulaya. Mtihani ule ulitaka majibu marefu ya kuandika, katika masomo kama Kiingereza, Kilatini, Kiyunani, historia na hesabu.

Jambo jipya lilitokea tarehe 23 Juni 1926. Siku hiyo vijana wapata 8,000 walifanya mtihani wa namna nyingine, uitwao kwa kifupi SAT. Maswali yalikuwa 315 na muda wake dakika 97, yaani zaidi ya maswali matatu kwa kila dakika moja. Mtahiniwa aliulizwa maana za maneno, aliulizwa vinyume vyake, tena alipewa maneno mawili yenye uhusiano akaambiwa atafute mengine mawili yenye uhusiano wa namna ile ile. Aliyeongoza kazi ya kuutunga ni Carl Brigham, mwalimu wa chuo cha Princeton, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alishiriki katika kazi ya kuwapima askari wa Marekani kwa maswali mafupi kama hayo. Askari waliopimwa walikuwa kama 1,700,000.

Bwana huyu alikuwa ametoa kitabu mwaka wa 1923, akidai ndani yake ya kuwa vipimo vya jeshi vimeonyesha mataifa gani yana akili nyingi na yapi yana akili pungufu. Watu weusi, na wahamiaji waliotoka kusini na mashariki ya Ulaya, aliwaweka chini. Watu wengi waliyapokea maneno yake, maana yalikuwa na tarakimu, na tarakimu huwatisha watu. Lakini katika mwaka wa 1930 Brigham mwenyewe aliandika hadharani ya kuwa kazi yake ile haikuwa na msingi. Alikuwa ameona ya kuwa mtu aliyelelewa katika nyumba ya lugha nyingine hawezi kupimwa akili yake kwa maneno ya Kiingereza na kulinganishwa na aliyezaliwa katika Kiingereza. Twamheshimu kwa ungamo hilo. Walakini mtihani wenyewe ulikuwa umekwisha kuzaliwa, wala haukufa kwa sababu mtungaji wake ameungama.

Tuseme kweli yote, mtihani ule ulifanya na mema. Mwaka wa 1933 James Bryant Conant alipokuwa mkuu wa Harvard, aliona chuo chake kimejaa wana wa matajiri kutoka shule chache za mashariki ya nchi. Akamwagiza msaidizi wake, Henry Chauncey, atafute njia ya kuwapata vijana wenye akili katika shule za kawaida za mbali, wapewe fedha za kusomea. Chauncey akauchagua mtihani wa Brigham. Baadaye, katika mwaka wa 1942, mitihani ya majibu marefu ilisimamishwa kwa ajili ya vita, na mtihani wa maswali mafupi ukawa ndio mlango wa watu wote. Mwaka wa 1947 likaundwa shirika la kuisimamia mitihani hiyo, na Chauncey akawa mkuu wake wa kwanza. Basi kitu kimoja kilimfungulia mlango mtoto wa mkulima, na kitu hicho hicho kikamfungia mtoto wa mhamiaji.

Kilifungaje? Kuna mfano mmoja ambao wachunguzi wa mtihani huo wameutaja mara nyingi. Mtahiniwa alipewa maneno mawili, mkimbiaji na marathoni, yaani mbio ndefu. Jibu lililotakiwa lilikuwa mpiga makasia na "regatta," yaani mashindano ya mashua. Akili inayotakiwa hapo ni ndogo. Ni kujua tu ya kuwa huyu ashindana katika lile. Lakini neno "regatta" hujulikana na watu wakaao karibu na vilabu vya mashua, au wenye vitabu vyenye habari hizo nyumbani mwao. Mtoto wa Lamu ameyaona mashindano ya majahazi kwa macho yake, naye angeweza kumfundisha mtunga mtihani mambo mengi ya tanga na upepo. Walakini kwa swali hilo angeandikiwa kosa, maana kitu anacho, jina lake la Kiingereza hana.

Watu walipoona ya kuwa maneno ndiyo mlango, wakaanza kuyafanyia biashara. Katika mwaka wa 1946 Stanley Kaplan, mwana wa wahamiaji katika mtaa wa Brooklyn mjini New York, alianza kuwafundisha vijana kwa ajili ya mtihani huo nyumbani kwa wazazi wake. Wenye mtihani walikuwa wakisema ya kuwa hauwezi kufundishwa, maana wapima akili. Wanafunzi wake wakaja na kuongezeka mwaka kwa mwaka. Vikatoka na vitabu vya kujitayarishia, kimoja chenye orodha ya maneno 3,500. Vijana wakakata vikaratasi, neno upande huu na maana upande huu, wakavichanganya kama karata, wakasoma ndani ya gari na juu ya kitanda. Maneno mengi kati ya hayo hawakuyaona tena baada ya mtihani, wala hawakuyatumia.

Jambo hili lilitufikiaje sisi wa Afrika ya Mashariki? Wazee wetu waliusoma Kiingereza cha mitihani ya Cambridge, na wachache wao wakafika Makerere. Tena katika mwezi wa Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya, vijana 81 walipanda ndege kutoka Nairobi kwenda vyuo vya Marekani, na wengine wengi wakafuata. Mwaka wa 1964 ukaanza mtihani uitwao TOEFL, wa kuwapima Kiingereza watu ambao si lugha yao, nao wameufanya vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania watakao kusoma ng'ambo. Kwa muda wa miaka mingi mtihani huo nao uliuliza maana ya maneno peke yake. Vikaratasi vikavuka bahari.

Basi sikieni mwisho wa habari ya orodha hizo. Mwaka wa 1994 maswali ya vinyume yaliondolewa katika SAT. Mwaka wa 1995 TOEFL ikaacha kuuliza maneno mbali, ikayauliza ndani ya habari za kusoma. Mwezi wa Februari 2001 Richard Atkinson, rais wa Chuo Kikuu cha California, alisimama mbele ya wakuu wa vyuo akasimulia ya kuwa alitembelea shule moja ya watu wenye uwezo, akawaona watoto wa miaka 12 wakitumia saa nyingi kila mwezi kukariri orodha za maneno yenye uhusiano. Akapendekeza chuo chake kiuache mtihani ule. Chuo hicho kilikuwa kikubwa mno, na wenye mtihani wakasikia. Mwaka wa 2005 maswali ya uhusiano wa maneno yakaondolewa, na mwaka wa 2016 maneno ya nadra yaliyoulizwa katika sentensi moja moja yakaondolewa pia. Tangu hapo mtahiniwa husoma habari, kisha huulizwa neno lina maana gani mahali lilipokaa. Imechukua miaka 90, toka 1926 hata 2016, watu wakubwa kulikubali jambo ambalo barua yetu ya shukrani ilitufundisha kwa aibu ya siku moja.

Walakini asije kijana akasema, "Kumbe maneno hayana haja, nitupe daftari." Sivyo. Maneno yana haja kubwa, tena kwetu kuliko kwa wengine. Katika shule za msingi za serikali ya Tanzania watoto wengi hufundishwa kwa Kiswahili, kisha waingiapo sekondari hukuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Mwenye maneno machache hapo hushindwa historia, hushindwa elimu ya viumbe, hushindwa hata hesabu, naye si mjinga. Neno la kujiuliza ni hili: ni maneno yapi, na yajifunzwe kwa njia gani?

Juu ya maneno yapi, wataalamu wametusaidia. Michael West, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza katika Bengali, alitoa mwaka wa 1953 orodha ya maneno kama 2,000 yatumikayo kuliko yote. Averil Coxhead wa New Zealand alichunguza maandiko ya vyuo yenye maneno 3,500,000, na mwaka wa 2000 akatoa jamaa 570 za maneno ambayo hurudi katika masomo ya kila namna, nje ya yale 2,000 ya West. Humo hamna maneno ya fahari, yamo maneno kama "analyse," "require," "evidence" na "significant." Lakini hayo machache huwa kama sehemu moja katika kumi ya maneno yote yasomwayo chuoni. Kijana aliyeyashika vizuri atapata faida kubwa kuliko yule aliyekariri maelfu ya maneno ambayo hatakutana nayo tena.

Juu ya njia, Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe akakariri silabi zisizo na maana, na katika mwaka wa 1885 akaonyesha ya kuwa mambo ya kukariri huanza kupotea upesi sana, katika saa za kwanza, tena ya kuwa kurudia kidogo kidogo kwa siku mbalimbali hushinda kurudia kwingi kwa siku moja. Hao wakeshao usiku wa kuamkia mtihani na walisikie neno hilo. Na katika mwaka wa 1985 wachunguzi watatu wa Marekani, William Nagy, Patricia Herman na Richard Anderson, walionyesha ya kuwa mtoto akutanapo na neno geni katika kusoma hupata sehemu ndogo tu ya maana yake kwa mara moja. Lakini asomaye kila siku hukutana na maneno mageni maelfu kwa mwaka, na sehemu hizo ndogo hukusanyika. Wazee wetu walisema zamani, haba na haba hujaza kibaba.

Tunao mfano karibu nasi. Julius Nyerere aliingia Makerere mwaka wa 1943, akafundisha Tabora, kisha akasoma Edinburgh toka 1949 hata 1952. Mwaka wa 1963, akiwa na mzigo wote wa nchi changa mabegani, alitoa tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar. Mtu atafsiriye kitabu cha namna hiyo hana budi kulipima kila neno mahali pake, nani alisema, kwa nani, kwa hasira au kwa upole. Ujuzi huo hupatikana kwa kusoma vitabu miaka mingi.

Basi, walimu wenzetu, twawasihi mambo machache. Daftari la maneno liwepo, lakini kila neno liandikwe pamoja na sentensi nzima iliyolileta, na jina la kitabu au habari lilimotoka. Wafundisheni watoto mizizi ya Kilatini, kwa mfano "bene" ni wema na "mal" ni ubaya. Ndipo mtoto atakapofahamu "benevolent" na "malevolent" kwa pamoja bila kukariri mara mbili. Maneno ya juma hili yarudiwe juma lijalo na mwezi ujao. Mwanafunzi asiyatumie katika insha maneno ambayo hajayaona yakitumiwa na mwingine. Na mtoto akikosea neno kama tulivyokosea sisi, asomewe sahihisho lake kwa faragha, maana aliyechekwa mbele ya wenzake huchelea kujaribu neno jipya, na asiyejaribu hajifunzi.

Nanyi wazazi, mwasema hamjui Kiingereza, hamwezi kusaidia. Mwaweza. Kijana anayesoma kwa sauti nusu saa kila jioni, na mama yake akamwambia, "Mwanangu, nieleze kwa lugha yetu ulilolisoma," kijana huyo amefanya mtihani ulio bora kuliko wa vikaratasi. Ashindwapo kueleza, atajua mwenyewe neno gani limemzuia, atarudi kulitafuta. Na kila kigango kiweke sanduku la vitabu penye mwanga, ufunguo wake usipotee, na vitabu visiogopewe kuchakaa. Kitabu kilichochakaa kwa mikono ya watoto kimefanya kazi yake.